Ng'ombe Wanne wa Magurudumu Mawili

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: ungekubali kuolewa kwa pikipiki?

Usicheke. Mimi nilikubali. Na nikiulizwa tena leo, na mvi hizi, na wajukuu wanaoniita hawe, yaani bibi, kutoka kila pembe ya ua, nitakubali kabla swali halijaisha. Ila ilibakia kidogo tu nisiolewe, na sababu yake ni kibao kilichotundikwa mbele ya duka moja la Malindi. Kaa vizuri nikueleze taratibu, maana kisa hiki ukikiharakisha kinamwagika.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka ambao mikorosho ilizaa mpaka matawi yakalala chini. Sisi tulikaa Matsangoni, upande wa ndani, mbali kidogo na barabara kuu. Baba yangu, Mzee Kaingu, alikuwa mtu wa minazi na mihogo, mkali wa macho, mchache wa maneno. Akitaka kitu hasemi. Atakizunguka, atakitazama, atauliza habari za jirani yake, lakini kusema "nakitaka", hapana. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyekuwa akisema badala yake nyumbani mwetu ni dadake, shangazi Mbeyu, na huyo alisema kwa ajili ya watu wote wawili na bado akabakiwa na maneno.

Mimi jina langu ni Kahonzi. Aliyenitaka aliitwa Dena, kijana wa hapo hapo kwetu, mchuuzi wa samaki. Alfajiri alishuka Watamu akanunua samaki kwa wavuvi, akawapanga ndani ya tenga juu ya majani mabichi ya mgomba, kisha akawasambaza kwenye mahoteli na majumbani. Kazi hiyo aliifanya kwa pikipiki nyekundu. Naiona mpaka sasa: tangi lina mstari mweupe ubavuni, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nailoni pale kilipopasuka, na kwenye usukani kimefungwa kipande cha leso. Watu walidhani ni cha kupangusia vumbi. Ilikuwa leso yangu.

Pikipiki hiyo aliinunua kwa Bwana Gharib, Malindi, duka lililokuwa karibu na soko. Bwana Gharib asili yake ni visiwa vya kaskazini, mrefu, na kanzu yake ilikuwa nyeupe hata akizungukwa na madebe ya oili. Aliuza pikipiki mpya, lakini watu walimpendea zile kuukuu. Alikuwa na utaratibu wake. Ukinunua kwake ukaitunza, siku ukiichoka unamrudishia. Anaizunguka, anaiwasha, anainamisha sikio kama tabibu, halafu anakwambia, "Ongeza kiasi fulani, chukua mpya." Kwa hiyo pikipiki ya Bwana Gharib ilikuwa kama mfugo. Ulilala ukijua kwamba hata ikizeeka, ina bei yake. Dena alianza na moja iliyokohoa kama mzee wa tumbaku, akaibadilisha, akaibadilisha tena, hadi akaifikia hiyo nyekundu. Na kijana yeyote wa Matsangoni aliyetaka pikipiki, Dena alimshika mkono akampeleka kwa Bwana Gharib, akipita maduka mengine bila hata kugeuza shingo.

Basi siku ya kuzungumza mahari ikafika. Mtungi wa tembo la mnazi ukatolewa, ule wa kadzama, wa kufungulia maneno ya wazee. Mshenga wa Dena alikuwa Mzee Masha, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Kaingu," akasema, "kijana hana zizi. Ana pikipiki."

"Pikipiki hukamuliwa?" akauliza shangazi Mbeyu kutoka jikoni.

"Haikamuliwi, mama, lakini huuzwa kama ng'ombe."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliinuka, akaenda ilipokuwa imesimamishwa, akaizunguka. Akagusa tangi, akaondoa mkono kama aliyeungua, akaligusa tena. Kisha akauliza, huku anatazama minazi, "Sasa ile, ikiuzwa, ni ng'ombe wangapi?"

Hapakuwa na ajuaye. Ikaamuliwa aitwe mwenye kujua. Bwana Gharib alikuja mwenyewe kutoka Malindi, kwa heshima ya Dena. Akaketi kwenye kiti cha kamba, akaletewa dafu lake kwa kuwa mnazi hanywi, akaizunguka pikipiki akaisikiliza. Halafu akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Hii ikirudi dukani kwangu, leo au mwezi ujao, naipokea kwa bei ya ng'ombe wanne wazuri."

Wazee wakaitikia. Baba akakubali. Wote tulijua hesabu yake: siku ya harusi atakabidhiwa ufunguo, ataipeleka Malindi, atarudi na ng'ombe. Naye Dena atarudi kwenye baiskeli mpaka Mungu amjalie nyingine. Nilimwuliza kama haoni uchungu. Akanijibu, "Baiskeli ina kengele, Kahonzi. Utanisikia nikija." Moyo wangu ulirukaruka siku ile nusura uangushe sufuria ya wali.

Lakini sikia hapa. Kwa mila yetu, mtu aitwaye kutaja thamani ya kitu cha mahari si mpita njia tena. Amekuwa shahidi. Neno lake linawekwa pamoja na mtungi, na likija kutetereka huitwa arudi alisimamishe mwenyewe. Bwana Gharib hilo hakulijua. Yeye alidhani ametaja bei ya dukani tu, akanywa dafu lake, akaenda zake.

Wakati huo Kilifi mjini palikuwa pamefunguliwa duka jingine la pikipiki, na Zein, mwanawe Bwana Gharib, hakupata usingizi. Zein alikuwa kijana mchangamfu aliyetoka kufanya kazi za biashara Mombasa. Akamwambia babake, "Baba, tuwawahi. Tushushe bei ya mpya, tushushe kweli kweli, mpaka Kilifi wafunge mlango." Bwana Gharib akamwachia.

Loo! Siku ile ulikuwa wapi? Lilipita pikapu kwenye barabara kuu, nyuma limebeba pikipiki mpya inayong'aa, juu kipaza sauti, na sauti ya Zein inavuma kutoka Malindi hadi Kikambala: "Bei imeangukaaa! Bei imeanguka kwa Gharib!" Watoto walilikimbiza. Wanaume waliacha majembe shambani. Mwanamke mmoja alimwacha kuku aliyekuwa akimnyonyoa, na kuku yule, nusu uchi, akatoroka. Malindi kwenyewe watu walijazana mbele ya duka mpaka wauza mahamri wakahamishia karai zao pale. Kibao kikubwa chekundu kilitundikwa juu ya mlango: BEI IMEANGUKA. Nami nilifurahi, nisiwe mwongo. Niliona rangi zile, nikasikia honi zile, nikadhani ni sherehe ya dunia nzima.

Furaha yangu ilikatwa na jirani yetu Karisa. Karisa alikuwa mtu wa utani usio na breki. Alipita kwetu jioni, akamkuta Baba, kipande cha nguo mkononi, anafuta majani ya mkorosho yaliyoangukia kiti cha pikipiki, maana Dena alikuwa amekuja kutusalimu.

"Kaingu," akasema, "umesikia? Mpya sasa ni bei ya ng'ombe watano. Kuukuu hiyo nani atainunua kwa wanne? Ukipata wawili na mbuzi wa kilema, shukuru. Binti yako ameshuka bei bila hata kutoka uani!"

Baba akaikunja ile nguo ya kufutia, akaikunja tena ndogo zaidi. Kisha akamwambia Dena, bila kumtazama, "Mkwe, ongeza ng'ombe wawili. Au nitajiteteaje kwa ukoo kwamba nimemtoa mtoto kwa chuma kilichokwisha thamani? Wakiniuliza nitawaonyesha nini?"

Dena hata mkia wa ng'ombe hakuwa nao, nilishakwambia. Usiku huo sikuweza kula.

Siku ya soko nikafuatana na shangazi Mbeyu kwenda Malindi kuuza korosho. Tukamkuta Dena amesimama mbele ya meza ya Zein. Tukaingia.

"Bwana Dena," Zein alikuwa akisema, "kuukuu leo ni nusu ya ilivyokuwa. Si mimi, soko ndilo limesema."

"Soko halikuja Matsangoni kunywa dafu," akajibu Dena. "Babako ndiye aliyekuja."

"Basi chukua mpya! Ni rahisi mno!"

"Kwa kitu gani? Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikininunulia mpya. Umeishusha mpya kidogo, ukaishusha yangu mpaka chini."

Nje ya mlango walikuwa wamesimama wanaume kadhaa na pikipiki zao, hawaingii. Mmoja alikuwa Mwambire, fundi cherehani, mteja wa Bwana Gharib tangu ndevu zake ni nyeusi. Shangazi akamsalimu, akamwuliza kwa nini amejiegemeza ukutani kama aliyefukuzwa.

"Mama, mwezi huu nilikuwa niibadilishe yangu," akasema Mwambire. "Nimeitunza, nimeipaka mafuta, sijampa hata mke wangu kuipanda. Nimeamka asubuhi naambiwa ni chuma chakavu. Na anayeingia leo kwa mara ya kwanza anachekewa, anapewa soda. Mimi ningekuwa mgeni ningekuwa tajiri! Safari nyingine nakwenda Kilifi. Kama ni ugeni, nikawe mgeni huko."

Bwana Gharib alikuwa ameketi ndani kabisa, kwenye kona, tasbihi mkononi. Zein akamwambia kwa furaha, "Baba, ona duka lilivyojaa!"

Mzee akatazama huku na huku. "Limejaa," akasema. "Lakini humu ndani simjui hata mmoja. Ninaowajua wote wamesimama nje."

Hapo shangazi Mbeyu akashusha kikapu cha korosho kichwani. Nikajua kuna jambo. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mzee.

"Bwana Gharib, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Kwetu wewe ni shahidi. Ulitaja ng'ombe wanne mbele ya mtungi wa kadzama. Neno limelegea, na kijana wangu haoi, na binti yangu huyu hali chakula. Unaitwa urudi ulisimamishe."

Zein akafungua mdomo. "Lakini ile ilikuwa bei tu..."

"Nyamaza, Zein," akasema babake, polepole. Alikuwa amebadilika uso. "Nimekuwa shahidi katika ndoa ya watu, na wewe ukatangaza kwa kipaza sauti kwamba mimi ni mwongo. Mama, nitakuja kesho."

Walioegemea ukuta walisikia. Mwambire akaruka juu ya pikipiki yake. "Nasi tutakuja! Atakalolisema huko ndilo la zetu zote!"

Kesho yake, eeh, natamani ungeisikia. Kwanza tulidhani ni ngurumo. Halafu kuku wakakimbia. Kisha vumbi likainuka kwenye njia ya kwetu, na ndani ya vumbi zikatokea: mbele pikapu la Bwana Gharib, nyuma yake pikipiki kuukuu, msururu mzima! Ya bluu isiyo na taa, ya kijani yenye kiti cha gunia, moja inapiga mlio wa bunduki kila ikipanda kilima, ya Mwambire imepakwa mafuta inateleza kama samaki mkunga. Watu wa kijiji walitoka mashambani mbio. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mikono imelowa jasho, nachungulia kwenye ufa, shangazi ananivuta nguo: "Tulia, unautikisa mlango!"

Wazee wakaketi. Mzee Masha akamkaribisha shahidi. Pikipiki nyekundu ilikuwa imesimamishwa katikati, imeoshwa, kipande cha leso kinapepea. Dena kasimama kando yake, midomo mikavu.

Baba akauliza swali moja tu: "Bwana Gharib, ulimi wako nao umepunguzwa bei?"

"Mjibu!" akapayuka Karisa. "Au na ulimi ni kuukuu?"

Bwana Gharib hakukasirika. Akaweka dafu chini.

"Mzee Kaingu, jana sikulala vizuri," akasema. "Nilikuwa nahesabu mazizi. Kila mtu aliyenunua kwangu, aliondoka na mfugo akaufunga nyumbani kwake. Mimi niliposhusha bei ya mpya, nilidhani nashusha kilicho dukani kwangu. Kumbe niliingia katika kila zizi la mteja wangu, nikatoa ng'ombe mmoja mmoja, bila hata kubisha hodi. Na hao ndio walioniamini kwanza."

Hata ile iliyokuwa ikipiga mlio wa bunduki ilikuwa imezimwa.

"Niliyoyasema nimeyasema. Hii ni ng'ombe wanne. Thamani yao nimekuja nayo, imo ndani ya pikapu."

Zein akamsogelea kwa wasiwasi. "Baba, na hawa wote waliotufuata? Ukimlipa huyu bei ya zamani, utawalipa wote. Tutafilisika."

"Hatutafilisika. Leo ukirudi, shusha kibao. Mpya irudi bei yake. Kile ulichokuwa ukimpunguzia mgeni, usikitupe. Mwongezee huyu anayekuja na kuukuu yake tuliyomwuzia sisi. Mgeni anayetaka kuheshimiwa, anunue, atunze, arudi. Tumwone akirudi."

Zein akakuna kichwa. Nikaona kwenye ufa jinsi anavyofikiri, midomo inatembea. Kisha taratibu akatabasamu. "Na Kilifi hawawezi kutuiga," akasema. "Wao bado hawana wa kurudi."

"Umeanza kuwa mfanyabiashara," akasema babake.

Mwambire akapiga honi. Wenzake wote wakapiga honi. Yule wa mlio wa bunduki akaiwasha yake, ikalipuka, mbuzi wakakata kamba. Shangazi Mbeyu alipiga vigelegele mpaka kanga ikamwanguka begani, nami nikajikuta nimeshatoka nje ya jikoni, mbele ya wazee, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Hakuna aliyeniona. Dena peke yake.

Basi Mzee Masha akanyanyua mkono watu wakatulia. Dena akautoa ufunguo, akaupokeza kwa mikono miwili. Baba akaupokea.

"Haya, Mzee Kaingu," akasema Bwana Gharib, "nipe ufunguo, nawe upokee ng'ombe wako wanne. Mambo yaishe, vijana waoane."

Baba hakumpa.

Alisimama pale na ule ufunguo kiganjani, anautazama. Watu wakangoja. Akaenda kwenye pikipiki, akafuta tangi kwa ncha ya kikoi chake, ingawa halikuwa na vumbi. Akanyoosha kile kipande cha leso. Akaminya breki, ikaachia, akaiminya tena.

"Kaingu?" akasema Mzee Masha. "Neno limesimama. Ng'ombe ni wanne. Kuna lililobaki?"

"Halikubaki."

"Basi mpe mwenyewe ufunguo."

Baba akaufunga mkono. Karisa akataka kusema neno la utani, akatazamwa na wazee, akalimeza. Nami nikadhani yameharibika tena, kwamba sasa atataka ng'ombe wa tano, au wa sita, na siku zitapita, na mvi zitanikuta palepale mlangoni. Lakini shangazi Mbeyu, aliyemjua kaka yake tangu wakilala mkeka mmoja, alikuwa anamtazama kwa namna nyingine. Akautazama mkono wake unaopapasa kiti, pale penye uzi wa nailoni. Akakumbuka, kama nilivyokumbuka mimi muda huohuo: ile nguo ya kufutia. Yale maswali Baba aliyokuwa akimwuliza Dena: hunywa petroli kiasi gani, na ukiinama kwenye kona yenyewe hainami sana? Na kila Dena alipokuja, ilikuwa Baba ndiye anayetoka shambani kabla yangu, akisema isogezwe kivulini isichomwe na jua.

"Kaka," akasema shangazi, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. "Ng'ombe ulikuwa unawataka ili ukoo usikucheke. Sasa ukoo wote uko hapa, na umesikia kwamba kitu hiki kina thamani yake. Hakuna wa kukucheka. Hebu sema. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Baba aliondoa mkono kwenye kiti. Akamtazama Dena, akanitazama mimi, akautazama mbali ule msururu wa pikipiki kuukuu na watu wake wanaong'aa jasho.

"Ng'ombe sitaki," akasema. "Nataka mkwe wangu anifundishe. Asubuhi aende nayo kwa samaki wake, siwezi kumnyima riziki. Lakini jioni ni yangu." Kisha akalitoa lile la mwisho kama mtu anayetua mzigo aliotoka nao mbali. "Na nataka kukaa mbele."